Chuma, aliyebeba maiti hadi Bagamoyo



Anayefika Bagamoyo, akamaliza kuzunguka mji mkongwe pale Dunda na kuwaacha wavuvi na majahazi yao ufukweni, mara nyingi hupelekwa Misheni kwa barabara ile ya miembe. Huko huonyeshwa mnara wa kanisa la zamani, lililojengwa na mapadri wa Shirika la Roho Mtakatifu, ambao walifika Bagamoyo mwaka 1868. Mnara huo watu huuita mnara wa Livingstone. Huelezwa kwamba mwili wa Dk David Livingstone ulilazwa hapo usiku mmoja, Februari 1874, kabla ya kuvushwa kwenda Zanzibar na hatimaye Uingereza. Wageni hupiga picha, wakaondoka.

Leo sitaki kumzungumzia Livingstone. Amezungumzwa vya kutosha, na vitabu vyake vipo. Nataka tumtazame mmoja wa wale walioufikisha mwili huo pale, kwa sababu maiti haitembei yenyewe. Jina lake ni James Chuma. Hakuwa padri, mchungaji wala katekista. Hakuacha hata hotuba moja. Mimi namwona kuwa mmoja wa Wakristo wa kwanza wa nchi zetu anayetufaa sana sisi tunaokaa viti vya nyuma kanisani, ambao imani yetu itapimwa kwa kazi zaidi ya maneno.

Chuma alikuwa Myao, aliyezaliwa karibu mwaka 1850 katika nchi zilizo upande wa kusini wa Ziwa Nyasa. Akiwa bado mtoto aliingia katika mikono ya wafanyabiashara wa watumwa. Mwaka 1861, Livingstone na Askofu Charles Mackenzie wa misheni ya UMCA walipokuwa wakipita nyanda za juu za Shire, walikutana na misafara ya watumwa wakawafungua waliofungwa. Chuma alikuwa mmoja wa waliopata uhuru wakati huo. Alikuwa na umri wa miaka kama kumi na mmoja.

Watoto hao walikusanywa Magomero, kituo cha kwanza cha UMCA. Kituo hakikudumu. Askofu Mackenzie alikufa kwa homa Januari 1862, wengine wakamfuata kaburini, na baada ya muda misheni ikahamia Zanzibar. Mwaka 1864 Livingstone aliivusha Bahari ya Hindi meli yake ndogo, Lady Nyassa, yeye mwenyewe akiwa nahodha, safari ya siku 45 kutoka Zanzibar hadi Bombay. Chuma na mwenzake Wikatani walikuwa ndani. Waliachwa katika shule ya misheni ya Waskoti, na Desemba 1865 wakabatizwa na Dk John Wilson. Hapo ndipo Chuma alipopata jina la James, yaani Yakobo.

Mtu anaweza kusema ubatizo wa namna hiyo ni wa mazingira tu: mtoto yatima, nchi ya ugeni, shule ya wazungu, angefanya nini kingine? Hoja hiyo ina uzito. Wengi wetu pia tulibatizwa tukiwa hatuna la kusema. Swali la maana ni yale yaliyofuata, na kwa Chuma yaliyofuata yalikuwa miaka saba ya kutembea kwa miguu.

Mwaka 1866 Livingstone alirudi Afrika Mashariki, akashuka pwani ya kusini karibu na Mikindani akiwa na watu kama 60 wa makundi mbalimbali. Walikuwamo askari wa Kihindi, watu wa Anjouan, vijana waliosomeshwa Nassik huko India, na watu wawili kutoka Shupanga kwenye mto Zambezi, mmoja wao akiitwa Abdullah Susi. Chuma na Wikatani walikuwamo pia. Kabla ya mwaka kwisha watu wengi walikuwa wamekwisha kuondoka. Watu wa Anjouan walitoroka wote pamoja na kiongozi wao Musa, wakafika Zanzibar na kutangaza kwamba Livingstone ameuawa. Ulikuwa uongo, na baadaye ulijulikana. Ndugu msomaji, uweke uongo huo akilini, tutauhitaji mbele.

Wikatani naye alibaki njiani, karibu na Ziwa Nyasa, kati ya watu aliowaona kuwa jamaa zake. Simlaumu hata kidogo. Chuma aliendelea.

Kuendelea kulikuwa kufanya nini? Hapa ndipo penye kiini cha tafakari ya leo. Kulikuwa kuamka kabla ya jua, kukunja hema, kugawa mizigo ya kilo 30 hivi kwa kila mpagazi, kugombana na mpagazi anayedai wake ni mzito kuliko wa mwenzake. Kulikuwa kutafuta maji, kununua unga kwa shanga na merikani, kujadiliana hongo na watawala wa njiani, kumvusha mgonjwa kwenye matope kwa kumbeba mabegani, kukata nyasi na kujenga kibanda jioni. Kesho yake yale yale. Chuma alijua lugha nyingi, hivyo maneno mengi ya msafara yalipitia mdomoni mwake.

Na hakuwa malaika. Mwaka 1868, walipokuwa katika nchi ya Kazembe, Livingstone alitaka kwenda kusini hadi Ziwa Bangweulu. Watu walikuwa wamechoka. Wengi walikataa, na Chuma na Susi walikuwa miongoni mwa waliokataa. Walibaki kwenye kambi ya mfanyabiashara Mwarabu, na mzee akaenda na watu wachache tu. Aliporudi waliomba kurudi kwake, naye akawapokea bila kuwashikia kinyongo, kwa kuwa alijua yeye mwenyewe ana makosa yake. Nalipenda tukio hili kuliko mengi yanayosimuliwa kuhusu msafara huo. Petro alimkana Bwana katika uwanja wa kuhani mkuu, na baadaye akaulizwa swali la upendo kando ya ziwa. Chuma aligoma, akarudi, akapangiwa mzigo wake. Hakuna aliyemtaka atoe ushuhuda jukwaani kwanza.

Kufikia 1871, Stanley alipomkuta Livingstone Ujiji baada ya safari yake iliyoanzia hapa Bagamoyo, kati ya wale watu 60 wa mwaka 1866 walikuwa wamebaki watano. Chuma alikuwa mmoja wao. Mwaka uliofuata Stanley alipeleka kutoka pwani wapagazi wapya, miongoni mwao kijana msomi wa Nassik aitwaye Jacob Wainwright, na Agosti 1872 msafara ukaondoka Tabora kuelekea Bangweulu. Kulikuwamo wanawake pia: Halima mpishi, na Ntaoeka, aliyekuwa mke wa Chuma. Wanawake hawa husahauliwa hata na sisi tunaojidai kuwakumbuka waliosahauliwa.

Mwanzoni mwa Mei 1873, katika kijiji cha Chitambo nchini Zambia ya leo, alfajiri, Susi, Chuma na wenzao waliingia ndani ya kibanda wakamkuta mzee amepiga magoti kando ya kitanda, uso juu ya mto. Alikuwa amekwisha kufa.

Sasa, wenye kujua misiba yetu, jiulizeni. Mwenye msafara amekufa. Mwenye mali hayupo. Pwani iko zaidi ya kilomita 1,600. Hakuna simu, polisi wala ndugu wa marehemu. Kuna vitambaa, bunduki, vyombo vya kupimia vya thamani, na watu wapatao 60 wenye njaa. Wangeweza kumzika palepale, wakagawana, kila mtu akashika njia yake. Nani angewadai?

Walifanya jambo ambalo kamati yoyote ya msiba Tanzania ingelitambua. Waliitana wote, wakafungua masanduku ya marehemu mbele ya macho ya watu wote, na Jacob Wainwright akaandika orodha ya kila kitu kilichokuwamo, asije mtu kesho akasema kimepotea. Kisha wakawataka Chuma na Susi, kwa kuwa walikuwa wakubwa wao kwa uzoefu, wawe viongozi. Nimeona misiba ya watu wanaojua Biblia kwa moyo ikiishia kwa ugomvi wa daftari la rambirambi kabla udongo haujakauka. Daftari la Chitambo liliandikwa na wapagazi porini.

Kisha wakaamua mwili urudi kwao. Kwa nini? Watu wengi husema ni kwa mapenzi tu. Mapenzi yalikuwapo, sikatai, lakini nadhani kuna sababu nyingine, na hapo ndipo uongo wa Musa unaporudi. Mara moja tayari watumishi waliorudi pwani walikuwa wamesema bwana wao amekufa, na haikuwa kweli. Safari hii nani angewaamini watu weusi wanaorudi na bunduki na sanduku za mzungu, bila mzungu mwenyewe? Walihitaji ushahidi. Walibeba ukweli wao mabegani, kwa uzito wake wote.

Kwanza walitaka kumficha mtemi Chitambo habari hizo, kwa hofu ya faini. Lakini habari zilimfikia, na Chuma ikambidi amweleze wazi. Chitambo hakuwatoza. Alikuja na watu wake kuomboleza, kwa ngoma na milio ya bunduki kama desturi ya wakubwa. Mwili ulifunguliwa na Farijala, aliyewahi kumtumikia daktari Zanzibar, akasaidiwa na Carras. Moyo na matumbo vikawekwa ndani ya bati na kuzikwa chini ya mti. Jacob Wainwright akasoma ibada ya mazishi, akachonga jina kwenye gome. Mwili ukatiwa chumvi, ukaanikwa juani kwa siku kama 14, ukazungushiwa kitambaa na gome la mti, ukashonewa turubai na kufungwa kwenye mti wa kubebea. Watu wakauinua.

Ndugu zetu Wakatoliki, wenye kitabu cha Tobiti katika Biblia yao, hulihesabu kuzika wafu kuwa moja ya matendo ya huruma ya kimwili. Na sote tunaye Yusufu, mwana wa Yakobo, aliyewaapisha ndugu zake kwamba mifupa yake itatoka Misri. Kitabu cha Kutoka kinasema Musa aliichukua, na cha Yoshua kinasema ilizikwa Shekemu. Katikati hapo ni miaka 40 jangwani, na Biblia haituambii majina ya waliokuwa wakiibeba kila asubuhi kambi ilipovunjwa. Lakini lazima walikuwapo.

Njia ilikuwa ngumu mapema. Siku chache tu baada ya kuanza, ugonjwa uliwaangusha karibu wote, wanawake wawili wakafa, na wakakwama mahali pamoja kwa mwezi mzima. Walivuka mto Luapula. Kwenye kijiji kimoja ugomvi ulizuka, bunduki zikafyatuliwa, watu wa kijiji wakafa na kijiji kikatwaliwa. Hilo halipendezi na sitalipaka rangi. Waliobeba maiti kwa heshima waliacha maiti nyingine nyuma yao, na wenye kijiji nao walikuwa na wa kuwalilia.

Oktoba 1873 Chuma alitangulia Tabora na barua. Huko alimkuta Luteni Cameron, Mwingereza aliyetumwa kumtafuta Livingstone. Cameron alishauri mwili uzikwe hapohapo. Njia ya mbele ni ya hatari, na watu wa njiani hawataki maiti ipite kwao. Alikuwa ofisa na mzungu, naye alisema kwa nia njema. Chuma na wenzake walikataa. Fikiri juu ya jambo hilo kwa mtu aliyewahi kuwa mtumwa: kukataa kwa upole, kisha kuinua mzigo na kuondoka.

Maneno ya Cameron yalikuwa na ukweli lakini. Kule Kasekera wenyeji walikataa katakata. Basi wapagazi wakajidai wamekubali kurudi kumzika Tabora. Walifunga mabua ya mtama ndani ya kitambaa kama maiti, baadhi yao wakayabeba kurudi nyuma kwa heshima zote, wakafika msituni wakayatawanya na kurejea usiku kwa njia za kificho. Mwili wenyewe ukakunjwa upya ukafungwa kama mtumba wa kawaida wa nguo, ukapita. Mwalimu wa shule ya Jumapili ataniuliza kama huo haukuwa uongo. Ulikuwa uongo. Wakunga wa Kiebrania nao walimdanganya Farao, na Rahabu aliwaficha wapelelezi chini ya mabua ya kitani. Mimi swali hilo namwachia mwalimu, maana ndiye anayelipwa kwa soda na makofi kulijibu.

Februari 1874, miezi tisa baada ya kifo, walishuka Bagamoyo. Wanaopenda kueleza jina la mji huu, kwamba wapagazi walibwaga hapa mioyo yao, hapa wana mfano wa kutosha. Mapadri wa Kikatoliki, Wafaransa, waliupokea mwili wa Mprotestanti wa Skotland ulioletwa na watu ambao baadhi yao walikuwa Wakristo na wengi wao hawakuwa. Susi mwenyewe hakuwa amebatizwa. Wale wanaotaka kuifanya safari hii kuwa hadithi ya Wakristo peke yao wanawaibia wenzao. Chuma alibatizwa na Susi hakubatizwa, lakini mti wa kubebea ulikuwa na ncha mbili.

Kutoka hapo mambo yalikwenda haraka, na kwa ubaridi. Ofisi ya konseli wa Uingereza Zanzibar iliwalipa watu mishahara yao wakaambiwa basi. Mwili ulipandishwa melini. Jacob Wainwright peke yake ndiye aliyesafiri nao, na Aprili 18, 1874 alikuwa mmoja wa waliolisindikiza jeneza katika Westminster Abbey, London. Daktari alikuwa amekwisha kuutambua mwili kwa mfupa wa mkono uliovunjwa na simba miaka mingi nyuma, na hivyo ukweli wa wapagazi ukathibitishwa. Chuma na Susi hawakuwapo kanisani siku ile. Walifika Uingereza baadaye, baada ya rafiki mmoja wa marehemu, James Young, kuwalipia nauli. Walikaa na Kasisi Horace Waller, aliyekuwa akitayarisha kwa uchapishaji shajara za mwisho za Livingstone, wakamweleza yale ambayo karatasi hazikuwa nayo. Karibu yote tunayoyajua kuhusu miezi ile tisa yametoka vinywani mwao.

Royal Geographical Society iliamuru medali 60 za fedha kwa wapagazi wote. Zilipofika Zanzibar, wengi walikuwa wametawanyika, wamerudi kwenye mizigo ya misafara mingine, na hawakuziona.

Chuma naye alirudi kwenye mizigo. Mtu aliyekuwa amekaribishwa katika nyumba za wakubwa Uingereza alirejea Zanzibar akaingia kazi ya UMCA. Mwaka 1875 alimwongoza Askofu Edward Steere kutoka Lindi hadi kwa Mataka, mtawala wa Wayao, yaani katika nchi ya watu wake mwenyewe. Katika miaka hiyohiyo misheni ilikuwa ikifungua njia ya kusini na kuanzisha kijiji cha watumwa walioachwa huru Masasi. Wakristo wa Masasi wa leo wana sehemu yao katika miguu ya mtu huyu.

Mwaka 1879 alikuwa mnyapara mkuu wa msafara wa Keith Johnston ulioondoka Dar es Salaam. Johnston alikufa Behobeho baada ya wiki chache tu, na uongozi ukamwangukia kijana Mskoti wa miaka 21, Joseph Thomson, ambaye hakuwahi kuongoza msafara wowote. Kwa Chuma hali hiyo haikuwa ngeni. Aliwasimamia watu wapatao 150 hadi Ziwa Nyasa na Tanganyika, na 1880 akawarudisha Bagamoyo karibu wote wakiwa hai, jambo ambalo misafara ya zama zile haikuzoea. Thomson anamwonyesha kuwa mtu mwenye maneno mengi na hadithi zilizokolezwa chumvi, mwenye kupenda kuonekana mkubwa, na mkarimu mno akigawa vitambaa visivyo vyake. Nafurahi kwamba tumeachiwa na hayo. Mtu wa namna hiyo tunamjua, yumo katika kila jumuiya ndogo ndogo, na bila yeye mahema ya mkutano hayasimami.

Mwaka 1881 alitoka tena na Thomson hadi Ruvuma, kwa ajili ya Sultani Barghash aliyetaka kujua kama kuna makaa ya mawe. Hawakuyapata ya maana. Chuma alirudi Zanzibar akiwa na kifua kikuu, akalazwa katika hospitali ya misheni, na mwaka 1882 akafa akiwa na miaka kama 32. Thomson alipokuja tena kutafuta kiongozi wa kumpeleka nchi ya Wamasai, ilibidi amtafute mtu mwingine.

Susi aliendelea na kazi, Kongo pamoja na Stanley, kisha kwa UMCA. Mwaka 1886, miaka minne baada ya mwenzake kufa, naye alibatizwa Zanzibar. Jina alilopewa lilikuwa David.